Ombi la Kuiondoa Mizani Kabla ya Jumamosi

Kwa Afisa Lishe,
Zahanati ya mtaa wetu.

Dada Afisa,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA MBOGA, PAMOJA NA OMBI KUHUSU MIZANI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba kwa kile kiasi unachotufundisha. Mimi ndimi fundi cherehani wa pale kona, ninayetazamana na kinyozi, nami ndiye mume wa yule mwanamke unayemwita darasani kwako "mfano wa kuigwa". Sina ugomvi na mboga zenyewe, maana hazijawahi kunikosea. Ugomvi wangu ni na yaliyotokea tangu ulipoanza kutufundisha kuzichagua, nami nitayaweka kwa namba ili usije ukasema sikueleza.

1. Mke wangu siku hizi haendi sokoni kununua, anakwenda kukagua. Anavunja ncha ya bamia mbele ya mwenye bamia. Kabichi anaipima mkononi kwa uzito, anaibonyeza, anairudisha, anachukua ya chini kabisa mpaka lundo zima linaporomoka. Biringanya ikilegea kidogo anaitazama kwa huruma na kuipita. Muuza mboga ni mteja wangu wa suruali tangu zamani. Sasa akiniona ananisalimia kama mtu aliyefiwa, halafu suruali zake anapeleka kwingine.

2. Halafu kuna suala la vitafunio. Zamani, jioni nikishafunika cherehani, tulikuwa tunakaa kizingitini na sahani moja ya viazi vya kukaanga, mkono wangu na wake humo humo, na hapo ndipo mambo ya nyumba yalipokuwa yakizungumzwa. Leo sahani ni ile ile ila ina vipande vya karoti na tango, na pembeni karanga chache zilizohesabiwa. Dada Afisa, karoti hailiki huku watu wanaongea. Nilimweleza kwa kirefu habari ya paa la jikoni linalovuja, akatikisa kichwa, akaendelea kutafuna, na paa linavuja mpaka leo. Kukosa viazi ningevumilia. Yeye mwenyewe ndiye niliyemkosa, na hilo limenishinda.

3. Kwa sababu hiyo nililazimika kutumia ujuzi wangu. Nilifikiri hivi: huyu anakula majani ili apungue, basi siku akijiona amepungua ataacha, na sisi tutarudi kizingitini. Kwa hiyo kila alipokwenda darasani kwako nilichukua gauni lake moja, nikafumua mshono wa ubavuni, nikaachia ile akiba ya kitambaa iliyo ndani, nikarudishia, nikapiga pasi, nikalitundika mahali pake. Kesho yake akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, gauni likawa linacheza kiunoni. Alicheka peke yake kama msichana, nami nikaona furaha sana, na nikamenya viazi. Mtu yeyote mwenye akili angevila. Mke wangu, kwa kosa la mafunzo yako, akaongeza mchicha.

4. Nikaona dawa ni kuzidisha dozi. Nikapanua magauni yote. Akiba ilipokwisha nikaanza kuunga vipande vya rangi inayofanana. Ndipo majirani walipoona. Mwanamke anayeogelea ndani ya gauni lake hawezi kufichika mtaani, wakamuuliza siri, akawaambia tango. Sasa wanamwita Mama Tango na kumfuata nyuma sokoni, na wote wanavunja bamia.

5. Hawa Mama Tango wadogo wanakuja kwangu kushonesha nguo za mwili ambao bado hawajaupata. Mwalimu wa chekechea aliniamuru nimpime kiuno, kisha nitoe hapo kiasi cha imani yake, na imani yake ni kubwa. Gauni halikupita mabegani. Akasema mbona la mke wangu linampwaya, kwani nina mikono miwili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa wateja?

6. Kinyozi naye, ambaye nyumbani kwake sasa kunapikwa kwa mvuke tu, hununua viazi vyake njiani na kuja kuvilia nyuma ya pazia langu la kujaribia nguo. Amewaeleza wenzake. Juzi bibi harusi aliingia kujaribu gauni lake jeupe, akawakuta wanaume wazima wamechuchumaa humo na chumvi mkononi. Mafuta yaliyoingia kwenye lile gauni nimeyaondoa. Maneno ya mama yake bibi harusi hayajanitoka.

7. Nimefika kwenye jambo lenyewe. Umetangaza kwamba Jumamosi utampandisha mke wangu kwenye mizani mbele ya mtaa mzima, usome uzito wa leo na ule wa siku ya kwanza, watu wapige makofi. Dada Afisa, naogopa. Magauni yamesema ninachotaka mimi, lakini mizani si mteja wangu. Mshale ukikataa kusogea, watamcheka wale wale walioacha viazi kwa ajili yake, naye atasimama pale juu bila kujua amekosea nini. Nimeshona aibu kwa mkono wangu mwenyewe, na atakayeivaa ni yeye. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami nimeshaona ukuta.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mojawapo ya haya. Mizani iondolewe na itangazwe kuwa imepelekwa kwa fundi. Hilo likishindikana, Jumamosi zipimwe kabichi badala ya watu, kwani ndizo somo la darasa. Hilo nalo likishindikana, nipewe mimi kazi ya kumpima mke wangu kwa futi yangu na kusoma matokeo kwa sauti, bila malipo. Mwisho kabisa, naomba somo lijalo lieleze wazi kwamba kiazi nacho ni mboga. Kinatoka ardhini kama karoti na kina maganda kama tango, na sijasikia mtaalamu yeyote akikana hayo.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, dada wa dirisha la dawa ambaye sketi yake iko tayari, na wagonjwa walio kwenye foleni.

Wako mtiifu, mwenye njaa,
Fundi wa Kona.

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha mke wangu alipoingia akitokea kwa mama yake. Amevaa gauni la kijani nililomshonea wakati wa uchumba wetu, ambalo limekaa kwenye sanduku la mama mkwe miaka yote hii, mahali ambapo mkasi wangu haufiki. Zipu imepanda mpaka juu, na anapumua. Nimeushika mshono wa ubavuni kwa mazoea ya kazi. Ni wangu wa ujana, umekwenda upogo, na hakuna aliyeugusa. Akaniacha niutazame mpaka nikamaliza, kisha akasema taratibu: "Ule mshono wa kwanza uliofumua niliuona siku ile ile, mume wangu. Lakini sikutaka niwe na mume mwongo. Basi nikala mchicha mpaka ukawa mkweli."

Kwa hiyo mizani ibaki palepale ilipo. Barua hii ilikuwa wazi mezani, ameisoma yote. Amesema nisiitume, niilete mwenyewe kwa mkono, na nikae hapo mbele yako mpaka umalize kuisoma.