Kumuaga Hoekstra kwa Mara ya Nne

Idara ya Michezo ya Chuo Kikuu cha Bracken, Iowa, ina heshima kuutangazia umma kwamba kikosi chetu cha mpira wa kikapu sasa ndicho chenye umri mkubwa kuliko vyote katika ligi: wastani wa miaka ishirini na minne na miezi miwili. Mimi ni Naibu Mkurugenzi wa Uzoefu wa Kikosi. Hesabu hizo nilizipiga mwenyewe.

Utafiti wetu hauna utata. Vijana wa miaka kumi na minane wanaruka juu sana, kisha wanatua bila mpira. Watu wazima hawaruki. Wanasimama pale mpira utakapoangukia. Tumeshinda mechi ishirini na mbili kwa kusimama.

Nguzo ya mafanikio haya ni Trent Hoekstra, mwenye miaka ishirini na saba, mke, na binti anayesoma chekechea. Yuko mwaka wa mwisho kwa mara ya nne. Tulimwombea ligi mwaka wa nyongeza wa kucheza kwa ajili ya goti, kisha janga la korona, kisha goti la pili. Bila yeye wastani unaporomoka, hivyo Mkurugenzi wa Idara, Prewitt, hajaona sababu ya kusaini fomu ya kumwachia ahitimu.

"Mkuu, shule ya kwetu wamenishikia kazi ya kufundisha hesabu mpaka Ijumaa," Hoekstra alimwambia. "Ikipita hapo wanampa mwingine. Nimechoka, kweli tena."

"Kuchoka ndiko uzoefu wenyewe, kijana wangu," akajibu Prewitt. Niliinukuu kauli hiyo kwenye taarifa ya robo mwaka.

Alhamisi ilikuwa mechi ya mwisho nyumbani. Kwa desturi, wa mwaka wa mwisho huingia uwanjani na wazazi wao, hupewa maua, huliliwa kidogo, kisha huenda zao. Mama yake Hoekstra, Bi. Connie, alikuja na koti la kazini.

"Mara ya kwanza nililia mpaka nikapoteza miwani," aliniambia. "Ya pili nililia kwa adabu. Ya tatu nilikuwa nawaza chakula cha mbwa. Leo mnataka nini tena, jamani?"

"Tabasamu tu, mama. Kwa ajili ya picha."

Alimtazama mwanawe aliyeinamisha kichwa, na nakiri nilimhurumia mama huyo. Kisha akaninyang'anya kipaza sauti.

"Jamani, huyu wangu haagiki. Basi tumuage anayeagika!" Akamsukumia Prewitt maua kifuani. "Asante kwa yote, baba. Nenda salama."

Watu elfu sita wakasimama, wakaimba wimbo wa chuo. Wengine walilia kwa dhati. Rais wa Chuo, aliyekuwa akimtafutia Prewitt mlango wa kutokea tangu vuli, aliimba kuliko wote.

"Lakini mimi siondoki!" Prewitt akapiga kelele.

"Wote husema hivyo," Rais akamwambia, akimshika mkono kumtoa nje.

Kwa mujibu wa mwongozo tuliouandika wenyewe, kiti kikiwa wazi hukaimiwa na mwenye miaka mingi zaidi idarani. Mimi nina mitano. Hoekstra ana saba. Nikamfungulia ofisi.

Alikaimu dakika nne. Alisaini fomu yake, akanikabidhi funguo, akaondoka na mama yake kabla mpira haujarushwa. Wastani wetu ukashuka papo hapo. Tukashinda kwa pointi thelathini na moja, na mpaka leo sijui niliandike wapi hilo.