Malalamiko Kuhusu Pedeli ya Tatu

Ndugu Mhariri,
Ukurasa wa Ushauri kwa Wenye Magari

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili mtu ambaye ushauri wake umenifanya nitembee nikichechemea. Natumaini hujambo, nyumbani hawajambo, na miguu yako yote miwili inafanya kazi.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Kazi yangu ni fundi wa lifti katika majengo marefu ya mjini. Nina mke, ambaye ni mkunga. Nina mama mkwe, ambaye utakutana naye hapo chini. Na nina gari jekundu la spoti, la milango miwili na gia za mkono, ambalo ndilo lililonikalisha hapa kuandika. Sina nia ya kukutukana. Nimelelewa vizuri, na zaidi ya hapo mke wangu anasoma kila ukurasa ninaoumaliza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sentensi yako. Katika lile toleo lenye gari la njano kwenye jalada, msomaji mmoja alikuuliza: mtu akinunua gari la spoti, achukue la gia za mkono au la otomatiki? Ungeweza kumjibu kiungwana kwamba inategemea foleni za mjini kwake, umri wake na hali ya viungo vyake. Wewe ukaandika kwamba anayeendesha gari la spoti la otomatiki ni abiria aliyekaa kiti kisicho chake.

Mhariri, sentensi hiyo niliisoma nikiwa nimekaa juu ya paa la lifti, nikimsubiri mwenzangu arudishe umeme. Iliniingia mpaka kwenye mifupa. Miaka yote nilikuwa naendesha gari la mke wangu, la otomatiki, nikijua mimi ni dereva. Kumbe nilikuwa napelekwa. Mwenzangu aliporudisha umeme alinikuta nimeshika koleo kwa mkono wa kushoto, nalisukuma mbele, nalivuta nyuma. Aliniuliza kama niko salama. Nilimwambia ndiyo. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumjibu hivyo kwa ukweli.

2. Siku ya kununua. Pale yadi yalikuwepo magari mawili ya aina moja, yameegeshwa bega kwa bega: jekundu la gia za mkono na la kijivu la otomatiki. Muuzaji, mama mmoja mpole mwenye kalamu sikioni, aliniuliza, “Kaka, gia za mkono unaziweza?” Nikacheka. Nakuomba uelewe kwamba kile kicheko ndicho kilichoninunulia gari. Baada ya kucheka vile mbele ya watu, mtu hawezi tena kusema, “Kwa kweli, dada, tangu nitoke chuo cha udereva sijawahi kuzigusa.”

Mke wangu hakucheka. Aliingia kwenye lile la kijivu, akalizungusha yadi, akalirudisha mahali pake, akashuka. “Hili hapa,” akasema. “Lina mbio, linageuka vizuri, na wote wawili tutaliendesha.” Nikamsomea sentensi yako. Nilikuwa nimeikata na kuitia mfukoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Wewe unatengeneza lifti. Mtu anabonyeza kitufe, anafika. Umeshawahi kumwambia abiria avute kamba ili ajione amepanda?”

Kwa kuwa sikuwa na jibu, nikanunua jekundu.

Nilitoka yadi kwa kurukaruka, kama chura aliyekanyaga kaa la moto. Muuzaji alikimbia mbele yangu akiondoa vyungu vya maua.

3. Lalamiko hili nimeliondoa kwa ombi la mke wangu. Lilihusu ukuta wa jirani, na sisi na jirani tumeshayamaliza.

4. Goti. Katika ushauri wako umetaja raha, umetaja uhuru, umetaja sauti ya injini. Mguu wa kushoto hukuutaja kabisa. Mji wetu una foleni, Mhariri. Asubuhi magari yanasogea hatua moja, yanasimama, yanasogea tena, na kila yanaposogea mimi nakanyaga klachi, na kila yanaposimama nakanyaga klachi. Pembeni yangu watu wa otomatiki wanakunywa chai. Wengine wanapaka wanja. Mimi nahema.

Nilikwenda kwa daktari. Akaniminya goti, akauliza kama nacheza mpira. Nikamwambia hapana, naendesha gari la spoti. Akapendezwa sana, akauliza niliumia nikiwa mwendo gani. Nikamweleza ilivyo. Akaweka kalamu chini. “Kwa hiyo,” akasema, “goti hili limeumia gari likiwa limesimama?” Aliomba ruhusa aende mara moja chumba cha pili. Nilimsikia akimsimulia mwenzake, na nilimsikia mwenzake.

5. Mama mkwe. Hili ndilo zito, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Mama mkwe wangu ni mwanamke mwenye heshima zake, mrefu, mnene, asiyepandisha sauti. Namwogopa tangu uchumba. Alikuwa na miadi kwenye kliniki ya macho hospitalini, na mke wangu alikuwa zamu wodi ya wazazi. Nikajitolea mwenyewe kumpeleka. Sikulazimishwa na mtu. Nilitaka anione.

Kumwingiza garini tu ilikuwa kazi. Unajua magari haya yalivyo chini. Alishika mlango, akainama, akaniuliza kwa upole, “Baba, kiti chenyewe kiko wapi?” Nikamwambia, “Endelea tu kushuka, mama, utakikuta.” Alipokikuta magoti yake yalikuwa karibu na kidevu, na mkoba wake kaukumbatia kifuani. Hakulalamika. Alisema gari ni zuri, linanukia upya.

Barabara ya kwenda hospitali ina mlima, na katikati ya mlima aliyepanga mji huu aliona ndipo pa kuweka taa. Zikawaka nyekundu. Nikasimama. Nyuma yangu likaja gari la mikate, likasimama karibu kabisa, kama watu wanaojuana. Taa zikageuka kijani. Nikaachia klachi, injini ikazima. Nikawasha, nikaachia, ikazima. Safari iliyofuata haikuzima, ila tulirudi nyuma, na nikasikia gari la mikate likipiga honi ndefu ya mtu anayeaga dunia.

Dereva wake akashuka. Laiti angekuja na hasira! Alikuja na huruma. Akagonga kioo, akasema, “Mzee, nikusukume au nikuendeshee?” Nikiwa bado natafuta jibu la heshima, mama mkwe akanigeukia. “Baba,” akasema, “kama gari limechoka, tushuke tulipumzishe.”

Na akashuka. Yule mwenye mikate alimsaidia kwa mikono miwili. Mama mkwe akaenda akasimama nyuma ya gari langu, katikati ya barabara, akanyanyua mkoba juu kama trafiki, akaanza kuyapitisha magari pembeni. Nilifungua dirisha nipate hewa, na ndipo nikamsikia anavyoyaambia, moja baada ya jingine, kwa sauti yake ile isiyopanda: “Pita, mwanangu, pita. Mkwe wangu anajifunza. Pita.”

Alifika kliniki kwa gari la mikate, kakaa mbele, juu, kama mtu anayejua kiti chake kiko wapi. Mimi nilifika yeye ameshatiwa dawa machoni. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kafumba macho, mapajani ana mkate wa moto aliopewa. Nikasalimia. Akaupapasa, akaukata kipande, akaninyooshea kule iliko sauti yangu. “Kula, baba,” akasema. “Umefanya kazi.”

Hakunisema kwa mtu yeyote, Mhariri. Alimwambia mwanawe tu kwamba mimi ni dereva mwangalifu sana, kwamba hata kusimama nasimama kwa makini. Ningejua pa kujificha kama angenisema. Sasa nitajificha wapi?

6. Madai yangu. Kwa kuwa haya yote yameanza na sentensi yako, naomba yafuatayo, na ukiona moja ni gumu basi nenda kwenye linalofuata:

Uiondoe sentensi hiyo hadharani, na mahali pake uandike kwamba dereva ni yule anayefika na mama mkwe wake.

Kama fahari yako haikuruhusu, basi uwaandikie wanaohusika na barabara wausawazishe ule mlima. Hospitali wanaweza kuishusha kidogo kidogo, wagonjwa wakiwemo ndani. Nalisema hili kama fundi: vitu vizito hushuka vikishushwa taratibu.

Kama mlima hauondoki, basi watengenezaji wafunge kwenye kila gari la spoti la otomatiki gia ya bandia na klachi ya bandia, zisizounganishwa na chochote, ili mtu kama mimi aweze kuvutavuta na kukanyaga apendavyo na watu wakimwona, huku gari likijiendea kwa akili zake.

Na kama hata hilo halitawezekana, basi uje mwenyewe kila asubuhi. Ukae kulia au kushoto, popote nisipokaa mimi. Nitakanyaga mafuta na kushika usukani, wewe utabadilisha gia na kukanyaga klachi. Namna utakavyoufikisha mguu wako huku si juu yangu. Na kwa maandishi yako mwenyewe, anayebadilisha gia ndiye dereva. Kwa hiyo mimi nitakuwa abiria, na honi zote tutakazopigiwa zitakuwa zako.

Kwa sasa nimeamua kulirudisha jekundu na kuchukua la kijivu. Bado lipo, muuzaji amekubali tubadilishane, na mke wangu amekuwa mwema kiasi kwamba hajasema “nilikwambia.” Ameimba tu.

Nisalimie wachapaji wako wote, mpiga picha wa lile gari la njano, na yule msomaji aliyeuliza swali. Mpe pole zangu, kama alikusikiliza. Mke wangu anakusalimu. Mama mkwe anasema hakujui lakini anakuombea.

Ni mimi, niliye wako kwa mguu mmoja,
Fundi wa Lifti

Tanbihi: Barua hii sijaituma, na leo Jumapili nilitoka kwenda kulirudisha gari. Mke wangu alitangulia na lake. Mimi nikapita njia ya maghala, kwa kuwa Jumapili haina watu wa kuniona. Pale nyuma ya ghala la saruji kuna kona ndefu. Niliingia nikiwa gia ya tatu, nawaza nitamwambia nini yule mama muuzaji. Mguu ukakanyaga, mkono ukavuta ya pili, mguu ukaachia, na mimi mwenyewe sikuwemo katika mazungumzo hayo. Injini ikabadilisha sauti, ikaishika kona, tukageuka pamoja, mimi na gari, kama kitu kimoja. Hakikuruka kitu. Hakikuzima kitu.

Nikaipita yadi. Nikageuza, nikarudi kuitafuta ile kona tena.

Nilipofika yadi, la kijivu lilikuwa limeshaoshwa na muuzaji ameshika ufunguo mkononi. Mke wangu aliniangalia usoni, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. “Lirudishe kivulini, dada,” akamwambia. “Huyu hatunaye tena.”

Kwa hiyo madai yote nayafuta, mlima ubaki ulipo. Ila nina ombi moja. Siku niliyozima gari mlimani, mji mzima ulikuwepo. Kwenye ile kona hapakuwa na mtu hata mmoja. Kama utapata nafasi, hata chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, naomba uandike kwamba niliikata vizuri.