Ulaini wa Kitanda cha Binti Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Binti yangu ana siku tisa. Mimi nina miaka kumi na minne katika kazi ya makochi. Mtaa mzima hakuna anayejua ulaini kunishinda. Sasa nani kaja asubuhi kutangaza kwamba atamtengenezea mwanangu kitanda? Shemeji! Kaka wa mke wangu, seremala, mtu wa mbao kavu. Nimemshukuru kwa meno yote thelathini na mawili. Moyoni nimesema: thubutu.

Muuguzi wa kliniki anakuja Ijumaa kuangalia mtoto anavyolazwa. Atakuta kitanda changu, si cha mwingine.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimejifungia karakana kutwa nzima. Godoro la sponji tabaka nne: ukibonyeza, mkono unazama hadi kiwiko. Mito sita pembeni. Pazia la marinda. Blanketi la manyoya. Tembo wa kitambaa, kashiba pamba. Nimelaza kichwa kidogo tu, kujaribu. Nimezinduka saa kumi jioni. Kazi safi!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimekifunua mbele ya familia. Mama mkwe kapiga makofi. Mke wangu kasema kliniki walimwambia godoro liwe gumu, na kitandani kusiwe na kitu ila mtoto. Nimemjibu kliniki hawajui makochi. Nikamlaza binti mwenyewe.

Kichwa kikazama. Akageuka, uso ukaingia kwenye mto. Mke wangu alimnyakua kabla sijafumba mdomo. Mtoto mzima kabisa. Akapiga chafya, basi. Nikasema naenda uani kutafuta nyundo. Sikuwa na haja na nyundo yoyote.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Shemeji kaleta kitanda chake. Kitupu! Nimemuuliza tunalaza mtoto au tunasafirisha nyanya. Hakukasirika, ndilo linaloniudhi. Akaeleza kwamba fito zimekaribiana ili kichwa kisipite. Godoro gumu, limejaa fremu pande zote, halina pengo. Nimetafuta kasoro saa nzima. Hakuna. Mke wangu kaniomba nishone shuka moja ya kulibana. Nimeshona, kwa shingo upande.

Mchana, wenzangu wakila, nikaona si vibaya kupitisha tembo kati ya fito. Mmoja tu, akae miguuni. Mkono ukaingia. Haukutoka. Shemeji alinikuta nimepiga magoti, nimeshika mkonga. Wakanitoa kwa mafuta ya kupikia. Tembo nikamrudisha karakana.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Muuguzi kafika, mama mfupi mwenye macho makali. Kasifu kwamba kitanda kiko chumbani kwetu lakini ni cha mtoto peke yake. Kasema alazwe chali kila mara, hata usingizi wa mchana, na asivute mtu sigara humu. Kisha kagusa kifua cha mtoto.

“Ana joto sana huyu. Nani kamvalisha kofia mbili?”

Familia nzima ikanitazama. Kofia zikatoka.

Akauliza kitanda katengeneza nani. Nikawahi: “Sisi.” Shemeji akakohoa, akaniachia. Muuguzi akavuta shuka, haikusogea hata kidogo. Akasema mshonaji anajua kazi yake. Nikakohoa mimi.

Binti akalala chali, mikono juu kama aliyesalimu amri. Nimesimama kutazama kifua kinavyopanda na kushuka. Shemeji naye kasimama. Ilikuwa raha.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeamka mtu mpya. Mtoto kalala vizuri, mke wangu anaimba jikoni. Nimeapa: mambo ya mtoto nitauliza kwanza, sitashindana na mtu, sitajifanya mjuaji.

Ila chai ilipokuwa inapoa nikawaza: mtoto huyu atatokaje nje kupunga hewa? Nani kalifikiria hilo? Mimi! Nimechora kigari chake nyuma ya kalenda. Magurudumu sita. Taa mbele. Honi.

Shemeji kachungulia, akauliza ni nini. Nimemwambia ni kabati la mteja.

Akasema kabati halina honi.

Nimemwambia ndiyo maana hataendelea.