Muflisi Mwenye Viti Mia Mbili

Jumatatu, 6 Mei

Nimeamua. Nafilisika rasmi! Biashara ya kukodisha viti na maturubai ilikuwa nzuri mpaka nilipokopa kununua jukwaa la maharusi linalozunguka. Bibi harusi wa kwanza alipanda, likaenda nusu, likakwama. Wageni walitazama kisogo chake sherehe nzima. Sasa nadaiwa na benki, nadaiwa na shemeji, nadaiwa na Bwana Misumari wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye amebandika picha yangu kaunta. Picha mbaya, nimefumba macho!

Kinyozi wangu amenieleza sheria yote huku akininyoa. Ukitangazwa muflisi wanakuja na lori, wanabeba mpaka kijiko. Namshukuru sana. Mwingine angenyamaza.

Jumanne

Viti vyangu mia mbili vya plastiki ndivyo vinavyotulisha. Vikipanda lori, watoto watakula nini? Nimepata dawa: nimevigawa mtaa mzima. Mama mkwe, fundi cherehani, kinyozi mwenyewe, hata yule jirani anayepiga redio usiku kucha. Nimewaambia ni zawadi, ili wakiulizwa wasijikwae.

Mke wangu akauliza, zawadi au amana? Nikamwambia aniachie mambo ya sheria. Majirani wamenishukuru mpaka nikalengwalengwa na machozi. Mama mkwe kaniita mwanangu. Mara ya kwanza tangu nimuoe bintiye!

Jumatano

Kwa wakili, mimi na mke wangu. Wakili mwenyewe ni binti mdogo, sauti ya upole. Anasema hakuna lori. Mtu huachiwa zana za kazi za kutosha kuishi. Jela pia hakuna. Deni langu si la mke wangu, maana hakutia saini popote. Hapo mke wangu akashusha pumzi, karatasi zikapeperuka mezani. Ila kodi ya serikali haifutiki. Nikasikitika kidogo.

Kisha akauliza kama kuna mali niliyompa mtu karibuni. Eti kuficha mali ndiko kunakowaponza watu. Ombi la kufilisika hutupwa, na hapo viti vinaweza kuchukuliwa kweli. Nikafungua mdomo kusema hapana, mke wangu akanikanyaga. Nikasema ndiyo.

Viti vyote vionekane Jumatatu, kwenye mkutano wa wadai. Afisa wa ufilisi atavihesabu. Namshukuru mke wangu kwa kisigino chake.

Ijumaa

Kudai zawadi ni kazi! Mama mkwe ameshavishonea mito. Kinyozi ameandika jina la duka lake mgongoni mwa kila kiti. Kila nyumba nakaribishwa vizuri, nakalishwa kwenye kiti changu mwenyewe, napewa maji. Nani angekuwa na uso wa kusema? Nimerudi mikono mitupu, tumbo linacheza kwa maji.

Jumapili

Mke wangu ameshinda nje, nyumba hadi nyumba. Hasemi alikuwa na shughuli gani. Mimi nina kazi nzito zaidi. Kinyozi anasema wadai wote watakuja kunizomea. Nimefanya mazoezi ya kuzimia mbele ya kioo. Upande wa kushoto naanguka vizuri.

Jumatatu, 13 Mei

Ukumbi mtupu! Benki haikutuma mtu. Shemeji yuko safarini. Bwana Misumari peke yake, pembeni, kimya kama amemeza wembe. Afisa akauliza viti viko wapi. Nikaegemea kushoto.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe, na viti kichwani. Nyuma yake fundi cherehani, kinyozi, jirani wa redio, mtaa mzima, kila mtu na mzigo wake! Kumbe mke wangu aliwaambia ukweli tu: viti hivi ni chakula cha wanangu, na mume wangu anaona haya kuviomba. Mama mkwe akamwambia afisa aandike kwamba mkwe wake hana akili lakini hana ubaya. Afisa akajibu kwamba hiyo haina pa kuandikwa, akahesabu. Vimetimia, na kimoja kimezidi, cha mbao. Hakuna aliyekidai.

Kisha wakavikalia wote, wakanisubiri mpaka mwisho ili nisitoke peke yangu. Nikalia waziwazi. Sijui nitawalipa nini watu hawa. Kuzimia nikasahau kabisa.

Viti vinabaki kwangu. Jukwaa linauzwa, likipata mwenye moyo.

Jumanne

Bwana Misumari kaja kwa mlango wa nyuma. Nikajua leo napigwa. Kumbe naye madeni yamemfika shingoni, na analiogopa lori! Ameshaibandua picha yangu. Anasema mimi ni mzoefu, nimshauri. Nilimshukuru kwa kuniamini, nikashika mikono yake miwili. Mtu akisaidiwa kama nilivyosaidiwa mimi, lazima naye asaidie.

Naandika haya nikiwa nimekalia saruji ya dukani kwake. Mifuko imejaa chumba kizima mpaka dirishani, na misumari iko chini ya kitanda. Mke wangu amesimama mlangoni, hana pa kukanyaga. Anauliza, zawadi au amana?

Nimemwambia aniachie mambo ya sheria.