Nyumba Isiyo na Kura Isipelekewe Mionzi

Woodbridge, Virginia
9 Oktoba 2006

Ndugu Mhariri wa gazeti letu la Waswahili,

Assalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Nakuandikia wewe ili uwafikishie wakubwa wa huku, maana Kiingereza changu kinatosha kuomba kazi lakini hakitoshi kugomba.

Kuna kampuni inataka kuzika mapipa ya taka za mionzi, zile za mahospitali na maabara, nyuma ya mtaa wetu. Sheria inasema hawawezi mpaka wenyeji wapige kura wakubali. Sheria nzuri, siikatai. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi nina kadi ya ukaazi tu, sina kura. Mke wangu Mahfudha karatasi zake bado. Binti yetu Ummu ndiye raia kamili, kazaliwa hapa hapa, ila ana miaka saba. Nyumba ya watu watatu, kura hakuna. Basi naomba kwa heshima kwamba mionzi nayo ifuate sheria. Ikifika uani kwangu isimame, iulize karatasi kama tunavyoulizwa sisi kila mahali, na ikikuta hakuna mpiga kura igeuke iende kwa jirani.

2. Mkutanoni bwana mmoja wa kampuni, mwenye tai, alitutuliza kwamba mionzi ya mwaka mzima ni sawa na mtu kupanda ndege kwenda kwao na kurudi. Ndugu Mhariri, mimi Zanzibar sijaenda mwaka wa sita huu kwa kukosa nauli. Sasa nitapata mionzi ya safari bila kumwona mama yangu! Kama ni hivyo watupe na tiketi.

3. Kura ya siri siitaki. Jirani yangu Chepkirui, Mkenya mwenye uraia wa hapa, amenieleza kwamba kwao zamani watu waliwahi kupiga kura kwa mlolongo, kila mtu anasimama hadharani nyuma ya mgombea wake. Utaratibu huo unatufaa. Liletwe pipa moja, anayekubali asimame nyuma yake, na asiondoke mpaka ahesabiwe. Wakihesabu polepole si neno.

4. Wapiga kura wengi niliowaona mkutanoni ni wastaafu, na nusu yao wanahamia Florida. Taka zitakaa miaka mia tatu. Haki ni kwamba mtu apewe kura kwa kadiri ya miaka atakayovuta hewa hii. Ummu apate nyingi, na wale ambao hawajazaliwa wapelekewe karatasi za kura kwa posta huko huko waliko.

Nafanya mzaha, lakini sicheki. Ummu ana pumu. Akibanwa kifua midomo inabadilika rangi, nami nasimama na mashine ya dawa mkononi nikimwomba Mungu. Ghala ninalofanyia kazi kule Landover halitoi bima kwa vibarua, kwa hiyo daktari wa kifua tunamsikia tu. Mtoto huyu hana pumzi ya kugawana na mapipa. Naogopa, ndiyo maana naandika.

Nisalimie wote hapo ofisini, wanaofunga na wasiofunga, na yule anayepanga kurasa mpaka picha zinatoka kichwa chini.

Wako katika ujirani mwema,
Jabir Habib

Tanbihi: Kabla sijaitia barua hii kwenye bahasha, kampuni ile ile ya mapipa imenipigia simu. Kumbe Mahfudha aliniombea kazi kwao kimya kimya, na wamenikubali niwe mlinzi wa lango. Kazi ina bima ya familia nzima. Ummu ataonwa na daktari wa kifua. Ila kazi ipo tu kura ikipita. Kwa hiyo tafadhali futa namba moja mpaka nne, uandike kwamba Jabir anawasihi wenye kura wote waseme ndiyo. Shida ni Chepkirui. Jana nilimsomea barua hii akatokwa na machozi, na tangu asubuhi anagonga mlango mmoja mmoja mtaani, akiwaomba watu wakatae kwa ajili ya kifua cha Ummu. Sasa hivi namwona dirishani, anavuka barabara kuja kwangu, na uso wake unasema wamemkubalia wote.