Nilivyoanguka Kwenye Usaili wa Binti Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Matokeo yametoka. Binti yangu kafanya vizuri Biolojia na Kemia. Fizikia imemwangusha. Mungu wangu! Chuo kikuu cha udaktari ndiyo basi. Nimeduwaa na pasi mkononi, kola ya shati la mteja ikaungua. Fundi cherehani, jirani yangu, kaja kunipa pole huku macho yanacheka. Mwanawe ataingia udaktari moja kwa moja. Alirudia hilo neno kila akimeza mate.

Jumatano, 5 Juni
Kumbe kuna njia ya kuzunguka! Binti kanieleza polepole, kama nesi na mgonjwa mbishi. Kwanza stashahada ya utabibu, atibu watu hospitalini, kisha arudi kusomea udaktari wenyewe. Nikauliza, utatibu watu kabla hujawa daktari? Akasema ndiyo, mama, na kwa kibali. Sijapoa mpaka sasa! Ila kuna usaili Ijumaa na nafasi ni chache. Akikosa, ni mwaka mzima ndani, anamsikiliza fundi dirishani.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata! Walimu wa usaili watamuuliza maneno matupu. Mikono yake wataionea wapi? Anahitajika mgonjwa. Mimi hapa! Nimejaribu kuanguka jikoni. Sufuria zimeanguka vizuri kuliko mimi. Binti sijamwambia. Atakataa, kachukua ukaidi wa baba yake.

Ijumaa, 7 Juni
Yalaa! Alipoitwa tu ndani, nikajitupa mlangoni, ulimi nje. Walimu wakaruka vitini, mmoja kamwaga chai. Binti akapiga magoti, akanishika mkono, akanifunua jicho. Nikamkonyeza. Akaliachia jicho. Kisha akawaambia mapigo sawa, pumzi sawa, jicho linakonyeza. Tena mgonjwa mwenyewe ni mama yangu, na haumwi popote. Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Mwalimu mkuu, mama wa miwani, akasema nyanyuka, mama mwenzangu, tuna kazi hapa. Njia nzima binti hakunisemesha. Nimemharibia mwanangu.

Jumanne, 11 Juni
Kachukuliwa!! Nimekaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Hakikuwepo. Mwalimu mkuu kapiga simu mwenyewe, kasema wamempenda kwa kuwa hakusema uongo hata kumsitiri mama yake. Kisha kaomba, siku ya kuripoti, mama abaki nyumbani. Ajabu! Bila mgonjwa, huo ukweli angeusemea wapi? Nimeanguka, kaingia. Mbona jambo liko wazi.

Sasa mdogo wake anataka urubani. Nimemuuliza fundi cherehani kama marubani hufanyiwa usaili chini au huko huko juu. Hajui. Nimeanza mazoezi kwenye ngazi.