Morango Chini ya Mtungi

Jumatatu, 6 Julai

Yasmin, mjukuu wangu, umekwenda Pemba, hii yetu ya Msumbiji, tangu Idi na hujarudi. Miguu imeliwa na nini? Barabara ipo, magari yapo. Haya, nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, maana shule mimi sikuikanyaga. Ukija usome uliyoyakosa.

Kubwa ni hili: kiwanja cha kando ya kisima kinagawiwa. Kikundi chetu cha kina mama kimekubaliana kwamba bibi shamba Sónia apite Jumamosi, atazame bustani za uani. Itakayomridhisha, mwenyewe anachukua kiwanja. Nakitaka. Unasema hurudi Olumbi kwa kuwa huna pa kulima. Nikikipata, kisingizio kimekufa.

Mshindani ni Kuluthumu. Alikuwa bi mdogo wangu enzi za marehemu babu yako, na bado ananiudhi kama aliolewa jana. Kapanda nyasi uani. Nyasi! Sónia katufundisha kwamba mchanga wa pwani unahama, basi tupande nyasi za hapahapa ziushike. Mimi nyasi nimezing'oa maisha yangu yote. Mama yangu alifagia ua hadi punje ya mchele ikianguka unaiona. Ua wenye nyasi ni wa mvivu na nyoka wake. Nikamwambia hivyo Kuluthumu. Kacheka.

Mimi nina morango, tunda dogo jekundu, wengine huliita stroberi. Zuberi dereva kaniletea miche minne kutoka Mueda, kwenye ukungu na baridi, na matunda mabichi juu yake. Hapa hakuna mwenye nayo. Nimeshashinda.

Jumanne, 7 Julai

Sijashinda bado. Jua limebabua majani. Sónia alishasema morango ni za nyanda za juu, huku zitakufa. Nikakaa nikafikiri. Kwangu baridi iko wapi? Chini ya mtungi! Unatoka jasho mchana kutwa, ardhi yake mbichi daima. Nikahamishia miche yote pale, nikaizungushia makuti. Kuluthumu kachungulia, kauliza, "Bi mkubwa, umemweka nani ndani?" Nikamjibu ni mwari, na yeye hakualikwa.

Alhamisi, 9 Julai

Matunda yamewiva! Kuku wa Kuluthumu kala moja. Nikaenda kushtaki. Eti kuku kaja kunisalimu, na mgeni hanyimwi chakula. Jingine jua limelichoma shavu.

Nikajiuliza: uso wa bibi harusi tunaukinga na jua kwa kitu gani? Kwa msiro, ule unga mweupe wa mti. Nikasugua kijiti juu ya jiwe na maji kidogo, nikayapaka matunda yote. Meupe pe. Alasiri kuku karudi. Kanyoosha shingo, kageuza jicho la pili, kapita zake. Sijapata kuona kuku aliyefedheheka vile.

Ijumaa, 10 Julai

Balaa. Upepo umevuma, na ua wangu uliofagiwa vizuri umehama wote, umefukia miche miwili. Kwa Kuluthumu haijasogea punje. Sisemi nilikosea. Nasema nilizihitaji zile nyasi. Kuluthumu kaingia ndani kuswali, nikaazima uani kwake viganja viwili pamoja na mizizi, nikazipanda kuzunguka mtungi.

Akatokea mgongoni mwangu. Nikajua yamekwisha. Neno wizi hakulitamka. Kasema, "Zikanyage, bi mkubwa. Nyasi si mtoto mchanga." Akazikanyaga mwenyewe, kanga kaikunja magotini.

Jumamosi, 11 Julai

Sónia kaja na kina mama wote nyuma. Kauliza matunda haya meupe yana ugonjwa gani. Nikafuta moja kwa pindo la kanga, likatoka jekundu, nikamtia mkononi. Akalila, macho kafumba. Kataka kujua nani kanifundisha. Nikasema mtungi.

Kisha kaona nyasi. Kasema hii ndiyo bustani aliyokuwa akiihubiri: katikati baridi ya Mueda, kandokando nyasi za Olumbi. Akauliza nyasi nimezitoa wapi.

Nikaanza kufuta tunda la pili.

"Nimempa mimi," Kuluthumu kasema. "Tulichangia mume, tutashindwa kuchangia nyasi?"

Kiwanja changu! Vigelegele hadi barabarani. Nikatangaza palepale kwamba Kuluthumu atalima nusu. Watu wamenisifu kwa ukarimu. Kweli ninao.

Jumapili, 12 Julai

Nimedamka kwenda kiwanjani. Aibu gani ile! Nyasi kila mahali. Nimezing'oa zote, nusu yangu na nusu yake, nikafagia mpaka pakawa peupe kama sahani. Kuluthumu kafika, kaketi chini, kashika kichwa. Furaha hiyo, bila shaka.

Sasa nataka tufaa la Kizungu. Zuberi kaahidi mche. Sónia kaapa huku halioti, linataka baridi kali kuliko ya mtungi. Hata morango aliapa zitakufa. Basi wewe ukija, pita bandarini Mocímboa wanakoshusha samaki, unibebee ndoo ya barafu. Ifunge kwa gunia, usisimame njiani kusalimia watu. Ukinifikia na maji matupu nitakupikia wali, utakula, lakini sitasema nawe.